Jogoo Aliyeshushwa Mnarani

Doonside, Sydney
4 Julai 2021

Shangazi yangu Anésie,

Nakusalimu wewe, namsalimu Bibi, na nawasalimu hata wale kunguru wa mnarani ambao Bibi anasema wanamsengenya kwa Kiwelisi. Huku tu wazima. Baba bado anakwenda kazini ghalani, na Mama anatoka alfajiri kwenda kuwahudumia wazee wake wa kituoni akiwa na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Dieudonné amenipita urefu. Kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Jana Mama alimwambia, "Endelea tu, siku utakayofika mbinguni Babu atakuuliza habari, ukose la kusema." Mdogo wangu akamjibu, kwa Kiingereza, kwamba huko atatumia simu kutafsiri.

Mji umefungwa tena tangu wiki iliyopita na shule ni kwenye kompyuta. Mimi sisumbuki sana, unajua nilivyo. Darasani kwenye skrini mtu anaweza kuzima kamera na asiulizwe kwa nini hasemi. Ndiyo maana napenda barua zako kuliko simu. Kwenye simu namtazama Bibi, Bibi ananitazama, tunaambiana "eeh" na "eeh", basi. Kwenye karatasi nina maneno.

Sasa jambo lenyewe. Kwa kazi yangu ya sanaa ya kumalizia shule nimeamua kujenga kanisa lenu la Llanfaelan, kwa maboksi ambayo Baba ananiletea kutoka ghalani. Mwalimu aliuliza kwa nini kanisa la Wales, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Ningemwambia nini? Kwamba barua zako nimezisoma mpaka najua benchi lipi linalia mtu akikaa?

Nimeanza na Bibi. Nimemtengeneza kwa waya na kipande cha kitenge, urefu wa kidole changu, na kanisa zima nitalipima kutokana naye. Kwa hiyo naomba umsimamishe mlangoni uniambie komeo linamfika wapi. Na kuta zina unene gani? Na lile lango lenye paa, ambapo anakaa kukungoja unapofagia, paa lake liko juu yake kiasi gani?

Umwambie kwamba sijasahau ahadi. Mtihani ukiisha na mipaka ikifunguliwa, nakuja. Naye asisahau kiapo chake. Asubuhi ile tuliyoondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilikuwa na miaka minane, Baba na Mama walinibeba nimelala wakanipakia kwenye basi ili nisilie. Niliamka njiani, Bibi hayupo. Alipokuja kunipata kwenye simu aliapa, "Mke mwenzangu, sitaachana nawe tena bila kukuamsha." Mwambie bado nalala nikiwa nimekishika hicho kiapo.

Mwanao,
Verdiane


Llanfaelan, Wales
23 Julai 2021

Verdiane, binti wa kaka yangu,

Barua yako imefika imekunjamana kama mtu aliyekuja kwa miguu. Tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu Bibi alidai nimeruka sehemu anayotajwa. Anakohoa kidogo na miguu imevimba, daktari amembadilishia vidonge. Ulimi ni mzima kabisa. Mimi niko salama, nyumba ya wazee ninayofanya kazi imeruhusu tena wageni, na juzi mzee mmoja alimkumbatia mkewe mpaka nesi akaangalia pembeni.

Jumatano nilimpeleka Bibi kanisani nilipokwenda zamu yangu ya usafi. Nikamsimamisha kwenye mlango wa kusini. Andika: komeo linamgusa sikio. Akasema, "Mwandikie mke mwenzangu kwamba mlango haujakua. Mimi ndiye ninayepungua." Ukuta niliupima kwa mkono wangu, kuanzia begani hadi ncha za vidole, na bado ukabaki. Kasisi wetu anasema ukuta wa kaskazini ndio mzee kuliko yote, una miaka kama mia nane. Mnara ulikuja baadaye, ndiyo maana mawe yake ni makubwa zaidi na hayafanani. (Kasisi wetu ni mwanamke. Bibi bado hajazoea. Kila Jumapili ananinong'oneza, "Padre leo amevaa hereni zipi?")

Ukiingia, tazama juu. Dari ni la mbao zilizopindwa, kama mtumbwi uliogeuzwa tumbo juu. Kushoto, ndani ya ukuta wenyewe, kuna ngazi nyembamba ya mawe. Unapanda, unapinda, halafu unatokea kwenye kimlango kilichoning'inia hewani. Zamani kulikuwa na jukwaa la mbao pale na msalaba mkubwa juu yake. Mfalme wao alipogombana na Papa wa Roma jukwaa likavunjwa, ngazi ikabaki haina pa kwenda. Wakati uleule kuta zote zilikuwa na picha za watakatifu, zikapakwa chokaa. Wakapaka tena, na tena, kila kizazi tabaka lake. Sasa karibu na dirisha chokaa imebanduka kidogo na unaona mguu mmoja mwekundu wa mtakatifu, umesimama majini. Mguu tu.

Upande wa kaskazini kuna mlango mdogo uliozibwa kwa mawe. Zamani ulifunguliwa wakati wa ubatizo ili shetani atoke. Bibi akauliza, "Mashetani wote hao walitoka wakaenda wapi?" Kasisi akasema hajui. Bibi akaniambia, "Mimi najua. Walikuja kwetu Kivu."

Uwanja wa makaburi ni wa mviringo, na hiyo duara inasemekana ni ya zamani kuliko kanisa. Lango lenye paa liko upande wa barabara, paa lake ni mara mbili ya Bibi. Lina benchi la jiwe katikati. Hapo ndipo jeneza hupumzishwa kabla kasisi hajatoka kulipokea. Bibi anajua, na bado anakaa hapohapo na thamosi yake ya chai. Anasema wafu hawajamlalamikia.

Habari moja zaidi kwa ajili ya kazi yako. Wiki hii mafundi wamemshusha yule jogoo wa chuma wa mnarani, anayeonyesha upepo, kwa sababu shina lake limeliwa na kutu. Yuko chumba cha kengele chini ya turubai, hatapandishwa mpaka Aprili. Bibi alimshika kidevu akasema, "Kumbe ni mkubwa kuliko mbuzi!" Basi mnara wako uuache bila jogoo, ukitaka ufanane.

Bibi anasema kiapo anacho. Anakusalimu.

Shangazi yako,
Anésie


Doonside
29 Agosti 2021

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa mmekaa kwenye jua, kama lipo. Sisi tunaambiwa tusivuke kilomita tano, na wiki hii wameongeza amri ya kutotoka nje usiku. Helikopta ya polisi inapita juu ya nyumba zetu, wala haipiti juu ya fukwe za matajiri, Dieudonné ameangalia kwenye ramani. Mitihani ya majaribio nimeifanyia mezani jikoni. Nadhani nimefaulu Hisabati.

Asante kwa vipimo! Kanisa limesimama. Kuta nimezifanya za maboksi manne yaliyogundishwa, na dari nimelipinda kwa mvuke wa birika. Ngazi ya ndani ya ukuta ilinitesa siku nzima. Niliweka na chokaa, tabaka kwa tabaka, nikachora kwanza mguu mwekundu chini yake. Mnara hauna jogoo. Bibi wa waya nimemweka langoni, kwenye benchi, ila bado hajakaa vizuri, anaanguka upande. Ningependa picha yake akiwa amekaa hapo, nione mgongo anauwekaje.

Nyumbani mambo yako kidogo tofauti. Baba amenyoa kichwa chote. Anasema vinyozi wamefungwa na amechoka kusubiri. Juma zima hakwenda kazini, anakaa gereji, akisema anapanga vitu. Mama anafunga mlango wa chumba chao na kuongea kwenye simu na watu wengi, nasikia nyimbo za kanisani kwa mbali. Nikiuliza, anasema ni jumuiya, wanaombea walioathirika na korona. Na yule jirani yetu Mkenya, Mama Jepchumba, ametuachia mlangoni sufuria ya chapati, siku tatu mfululizo. Nilimshukuru kutoka dirishani. Aliniangalia kwa namna, halafu akasema, "Soma, mama. Wewe soma tu."

Labda wote wamechoka na kufungiwa. Mimi pia.

Nilimwomba Baba tumpigie Bibi kwa video. Akasema simu yenu ina tatizo. Je, imepona? Usijali, najua mimi mwenyewe si mtu wa simu. Lakini safari hii nilitaka kumwonyesha kanisa.

Verdiane


Llanfaelan
24 Septemba 2021

Mwanangu Verdiane,

Nisamehe kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi. Salamu zako zimefika zote, na Mungu akubariki kwa juhudi zako. Kaka yangu ameniambia unavyosoma.

Umeuliza kuhusu dirisha la mashariki. Lina vioo vya rangi, lakini si vya zamani. Vya zamani vilivunjwa, hivi viliwekwa na familia tajiri ya machimbo ya mawe. Chini ya tao kubwa kuna tundu lililochongwa kwa mshazari ndani ya ukuta, ili mtu aliyekaa pembeni aweze kuiona altare. Birika la ubatizo ni jiwe moja, lina pande nane, na pande mbili zimelika kwa sababu watu walinolea visu hapo. Kengele ziko tatu. Ya kati ina ufa, hupigwa taratibu. Kuna kaburi moja karibu na mlango lina fuvu lililochongwa ambalo linacheka. Paa ni la vigae vya mawe, makubwa chini, madogo juu.

Simu bado inasumbua.

Picha uliyoomba ni hii. Tumeipiga Jumapili iliyopita baada ya ibada. Bibi amekaa langoni kama kawaida yake. Anakusalimu, anasema soma kwa bidii, usiwaze mambo mengine.

Shangazi yako,
Anésie


Doonside
14 Oktoba 2021

Shangazi,

Hamjambo. Tumefunguliwa juzi. Watu wamejaa Blacktown kama sikukuu, kila kinyozi ana foleni hadi barabarani.

Sikukuuliza kuhusu dirisha la mashariki.

Picha nimeiweka mbele yangu. Bibi amekaa, thamosi iko magotini, anacheka. Mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, sasa najua. Nyuma yake mnara unaonekana wote. Juu ya mnara yuko jogoo.

Ulisema ameshushwa Julai na harudi mpaka Aprili. Ulisema Bibi alimshika kidevu.

Sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani. Siwezi kuwauliza. Mama atasema nina wasiwasi wa mtihani. Nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye hujawahi kunidanganya. Picha hii ni ya lini? Na Bibi yuko wapi?

Niandikie hata mstari mmoja. Mtihani wa kwanza ni tarehe tisa Novemba, lakini usiungoje. Ukweli wowote naweza kuuchukua nikiwa nao mkononi.

Verdiane


Llanfaelan
4 Novemba 2021

Verdiane mwanangu,

Pole kwa mawazo. Nilichanganya picha. Hiyo ni ya mwezi Mei, simu ina picha nyingi na mimi macho yangu si mazuri. Usitafute mambo kwenye mnara, tafuta majibu kwenye vitabu.

Bibi yupo. Anakusalimu.

Fanya mtihani wako kwa amani. Sote tunakuombea.

Anésie


Doonside
5 Desemba 2021

Kwa Shangazi Anésie,

Barua yako ya Novemba ilifika siku mbili kabla ya mtihani wangu wa mwisho. Nilikuamini. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kwanza. Nilikuwa nimeshajua, tangu kwenye picha. Halafu uliandika "Bibi yupo", nikaona aibu kwa kukushuku, nikaomba msamaha kwa Mungu kwa sababu ya kumwazia Bibi kifo. Niliingia kwenye chumba cha mtihani nikiwa na furaha.

Niliporudi nyumbani, viatu vilikuwa vingi mlangoni. Ndipo nikaelewa, kabla sijaingia. Mzee Katembo wa jumuiya alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba. Mama Jepchumba alikuwepo, na akina mama wengine wa kanisa. Mama aliniambia kaa. Mzee Katembo akaanza, "Binti yetu, umekuwa jasiri, umemaliza shule, sasa wewe ni mtu mzima, na mtu mzima huambiwa..." Nilimwangalia Baba. Nywele zake zilikuwa zimeshaota.

Shangazi, nilitazama watu wote wale na hakuna aliyekuwa na machozi mapya. Mama alinishika akalia, lakini kile kilikuwa kilio cha pili. Cha kwanza alikilia bila mimi, mlango umefungwa, mimi nikiwa jikoni nachemsha birika ili nipinde dari la kanisa. Mmemaliza arubaini. Mmenyoa na mmeotesha. Mmenipa msiba uliopoa kama ugali wa jana, mkanikalisha peke yangu niule.

Mzee Katembo alinieleza kwamba ndivyo ilivyo kwetu, aliye kwenye mtihani haambiwi msiba, na hata yeye alifichwa kifo cha baba yake mpaka alipomaliza sekondari kule Butembo. Nikasema, "Na ulifurahi?" Sijui nilipata wapi sauti. Mama akasema, "Verdiane, adabu."

Siwaulizi Mama na Baba zaidi. Wao walinibeba nimelala mara ya kwanza, nawajua. Wewe hukuwa na haja ya kunidanganya. Wewe uko mbali, una kalamu, na nilikuuliza waziwazi. Ulinifundisha mwenyewe jinsi kanisa lile lilivyopakwa chokaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka watu wakasahau kwamba ukutani kuna mtu. "Bibi anakusalimu," Septemba. "Bibi anakusalimu," Novemba. Ulipata wapi salamu hizo?

Kwetu mjukuu ndiye anayemtania marehemu kaburini. Mimi ndimi mke mwenziwe. Nani alimtania?

Nataka kujua siku, mahali, na alisema nini. Usinieleze kuhusu kengele.

Verdiane


Llanfaelan
2 Januari 2022

Verdiane,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sitaweka salamu mbele, kwa sababu najua sasa unazionaje.

Ilikuwa Agosti, Jumanne, asubuhi. Haikuwa korona, moyo ulichoka. Usiku alilala vizuri, alfajiri akaniita. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayesafiri. Akasema, "Anésie, mpigie kaka yako Murhula. Mwamsheni mke mwenzangu, nimuage."

Nilipiga. Baba yako alitoka kwenda gereji, nilisikia mlango ukifunguliwa. Nikamwambia mama anaondoka, anamtaka Verdiane. Akalia. Halafu akasema, "Kesho ana mtihani wa majaribio. Mwaka huu ni wake, Anésie. Nimebeba maboksi miaka kumi kwa ajili ya mwaka huu." Nikamwambia basi umwambie mwenyewe. Nikaiweka simu sikioni kwa Bibi. Baba yako akamwambia, "Mama, Verdiane amelala."

Bibi akauliza, "Huko ni saa ngapi?" Baba yako hakujibu. Bibi akangoja. Kisha akasema, "Basi mwacheni alale." Akanirudishia simu. Aliondoka kabla chai haijapoa.

Baba yako aliniapisha. Yeye ni kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita kule Uvira. Nilidhani namlinda yeye, na wewe pia. Barua ya Septemba niliiandika nikiwa nimekaa kanisani, natazama huku na huku nitafute kitu cha kuandika ambacho si yeye. Ile ya Novemba sina cha kusema juu yake.

Tulimzika Llanfaelan. Kasisi alisema yeyote anayeishi parokia hii ana haki ya ardhi yake, hata kama ni Mkatoliki wa Kivu. Jeneza lilipumzishwa langoni, kwenye benchi lake. Kasisi alipotoka kulipokea alikuwa amevaa hereni za dhahabu ndogo, na nilitaka kucheka, na sikuwa na wa kucheka naye. Hakuna aliyemtania. Amelala upande wa kaskazini, karibu na ule mlango uliozibwa. Zamani watu waliogopa kuzikwa huko, sasa ndiko kulikobaki nafasi. Kuna msalaba wa mbao tu. Nimeshaagiza jiwe, na maneno baba yako amechagua.

Mwanangu, nisamehe.

Anésie


Doonside
30 Januari 2022

Shangazi,

Nimeisoma barua yako kwenye gari moshi, kwa sababu nyumbani sikutaka mtu auone uso wangu. Nilipanda Doonside nikaenda mpaka mjini, nikarudi, nikaenda tena.

Jumanne ile naikumbuka. Asubuhi kwenu ni mchana kwetu. Nilikuwa mezani, mbele yangu kuna gundi na maboksi. Baba alipita na simu mkononi, akaniambia, "Unafanya vizuri," akatoka kwenda gereji. Nilifikiri anaongea na watu wa kazini. Nilisikia analia kidogo, nikadhani ni mafua. Kati yangu na Bibi palikuwa na mlango mmoja, tena wazi.

Jana nilimwambia Baba ninajua alichomwambia Bibi. Hakukana. Alisema, "Nilitaka upite mbele, usitazame nyuma." Nikamwambia, "Ulimdanganya mama yako akiwa anakufa." Akaniangalia kama mtu aliyepigwa. Alisema matokeo yangu ni mazuri, chuo kimenikubali, ndoto yangu ya kujifunza kuchora majengo imetimia, si ndiyo? Ndiyo. Yote ni kweli. Kila nikiiona barua ya chuo naona imelipwa na nani.

Sijakusamehe. Sisemi ili nikuumize, nasema kwa sababu tumeshaandikiana uongo wa kutosha. Labda itakuja. Haipo sasa.

Jiwe lisubiri kwanza. Maneno ya Baba yasichongwe. Mimi nitakuja, mipaka imeanza kufunguliwa na nimepata kazi kwenye duka la mboga Cabramatta, Jumamosi na Jumapili. Nitakuja na maneno yangu, na utani wangu, hata kama nitachelewa. Jogoo wenu akipandishwa Aprili, sawa. Bibi wangu wa waya bado amekaa langoni. Walimu walimsifu sana, walisema ni wazo zuri, mtu mdogo anayengoja.

Nina ombi moja. Usinijibu kabla ya kulifanya. Nenda langoni, ukae kwenye lile benchi, halafu uzunguke mpaka upande wa kaskazini. Usinipelekee salamu. Salamu zimetosha. Sema naye kwa Kiswahili, kwa sauti, hata kama mafundi wapo na wanakutazama.

Mwambie huku ilikuwa mchana. Mwambie mke mwenziwe hakuwa amelala. Alikuwa macho, mezani, akijenga mlango ambao komeo lake linamgusa yeye sikio.

Verdiane